Shahidi wa Mwarobaini

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa njia ya pwani, akisha kuyapita mashamba ya mkonge ya Vipingo na kabla hajalifikia daraja la Kilifi, huikuta kuliani kwake barabara ya vumbi iteremkayo taratibu kuelekea baharini, nayo ndiyo imfikishayo Takaungu, mji mkongwe uliokaa kando ya hori, wenye misikiti yake, makaburi ya Mazrui, na nyumba za mawe zilizosalia baina ya nyumba za udongo na makuti. Mji huu una mengi ya kusimuliwa, na wengi wamekwisha kuyasimulia: jinsi Mazrui walivyoukimbilia baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, na jinsi mwaka 1895, alipofariki liwali wao, Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilivyomtawaza Rashid bin Salim na kumwacha Mbarak bin Rashid aliyejiona kuwa ndiye mwenye haki, hata vita vikawaka tangu hapa mpaka Gazi. Mimi leo sikukusudia habari za masheikh wala za bunduki. Nimekusudia habari ya mti mmoja, na ya waraka uliotolewa mbali sana na mti huo, na ya shahidi aliyeombwa ausemee.

Mti wenyewe ni mwarobaini. Asili yake ni Bara Hindi na Burma, lakini umekaa pwani yetu kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji, na hakuna uga wa Takaungu utakaoukosa, aghalabu ukiwa karibu na kisima au mbele ya baraza, mahali ambapo wazee hukaa baada ya sala ya alasiri. Wengi huuita kwa jina hilo la arobaini kwa itikadi kwamba waponya maradhi arobaini. Na wako wauitao mkilifi, jina ambalo mtu wa upande wetu hawezi kulisikia bila kutabasamu, ingawa sitathubutu kuapa kwamba mji ndio ulioupa mti jina au mti ndio ulioupa mji.

Nyanya yangu, ambaye sikupata kumwona akisoma kitu kisichokuwa msahafu, alikuwa na elimu ya mti huu iliyotosha kujaza daftari, lau angalikuwako wa kuliandika. Majani mabichi aliyachemsha akatuogesha nayo tulipopata upele au tetekuwanga. Majani makavu aliyatandaza ndani ya ghala baina ya magunia ya mahindi ili fukusi wasiingie. Jioni, mbu walipozidi, aliyatia makaani akatufukizia nyumba nzima hata macho yakatoka machozi. Na vijiti vyake vilikuwa ndiyo miswaki yetu. Mboga zake zilipoingiwa na wadudu, au majani yalipoanza kufanya vumbi jeupe la kuvu, alizitwanga kokwa, akaziloweka usiku kucha, akaongeza povu la sabuni, na asubuhi akayarashia kwa ufagio. Sikusudii kumfanya tabibu asiyekosea. Hiyo arobaini ni adabu ya lugha kuliko hesabu ya hospitali, na waganga wa kisasa wametuonya, kwa haki kabisa, kwamba mafuta ya mwarobaini yaliyonyweshwa watoto wachanga yamewadhuru. Ila katika jambo la wadudu na kuvu, nyanya hakuwa akibahatisha, wala hakuwa peke yake. Wakulima wa Bara Hindi walikuwa wakifanya mfano wa hayo tangu zama ambazo hakuna awezaye kuzihesabu.

Basi tarehe 14 Septemba 1994, katika mji wa Munich, nchini Ujerumani, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza nambari 436257, iliyowapa serikali ya Marekani, kwa jina la wizara yake ya kilimo, pamoja na kampuni ya kemikali ya W. R. Grace, haki ya pekee juu ya njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa kutumia mafuta yaliyokamuliwa kutoka kokwa za mwarobaini, yakachanganywa na maji na kitu cha kuyafanya yachanganyike nayo.

Yafaa nieleze kidogo hataza ni nini, kwa kuwa neno hili lingali geni masikioni mwa wengi. Hataza ni hati itolewayo na dola kwa mtu aliyevumbua kitu kipya, imruhusuyo kumkataza kila mtu mwingine asikitengeneze, asikitumie wala asikiuze kitu kile kwa muda maalumu, ambao siku hizi ni miaka ishirini tangu siku ya kuomba. Naye kwa upande wake hulazimika kuufichua uvumbuzi wake kwa maandishi, ili muda ukiisha umma wote uurithi. Ni mapatano baina ya mvumbuzi na watu. Jamhuri ya Venice ilikwisha kuyatungia sheria mwaka 1474. Na Waingereza, baada ya kuchoshwa na Malkia Elizabeth aliyekuwa akiwagawia vipenzi vyake haki za pekee juu ya chumvi, wanga na hata karata za kuchezea, walitunga sheria yao mwaka 1624, wakasema kwamba ukiritimba wote ni batili isipokuwa ule wa kitu kipya, tena kwa miaka kumi na minne tu. Neno lao lenyewe la hataza, “patent”, lilimaanisha barua iliyo wazi, yaani amri ya mfalme iliyoandikwa ili kila mtu aione. Na jamaa ya barua hizo ndiyo iliyozaa ule waraka wa mwaka 1888 ambao Malkia Victoria aliipa Kampuni iliyokuja kuchagua nani awe liwali wa Takaungu.

Nguzo ya mapatano hayo ni moja: kitu kiwe kipya. Kama si kipya, umma hauna ulichopewa, na aliyepewa hataza amelipwa kwa bidhaa asiyoileta. Ila upya wa kitu haujulikani kwa kukitazama. Hujulikana kwa kuuliza nani alikuwa akikijua kabla, na jibu la swali hilo hutegemea sana ni nani aulizwaye. Mkaguzi wa hataza ni mtu aliyeketi mezani na rundo la maombi, mwenye saa chache tu kwa kila ombi, na anachoweza kukipekua katika saa hizo ni maandishi: hataza za zamani, majarida ya wataalamu, vitabu vya maktaba. Yale yaliyomo humo atayaona. Yale yaliyomo kichwani mwa mwanamke wa Takaungu, au wa kijiji cha Maharashtra huko India, hayana njia ya kufika mezani pake. Naye, asipoona kitu, hupiga muhuri. Hivi ndivyo hataza dhaifu zizaliwavyo, nazo zimezaliwa nyingi, katika mashine na katika dawa, na katika programu za kompyuta kupita kiasi, kwa kuwa watunzi wa programu walikuwa wakifanya mambo yao miaka na miaka bila kuyaandika mahali ambapo mkaguzi angeyatafuta.

Na isidhaniwe kwamba udhaifu huu ni wa masikini pekee. Huko Marekani kwenyewe, George Selden, mwanasheria wa mji wa Rochester, aliomba hataza ya gari lenye injini mwaka 1879, akalicheleweshachelewesha ombi lake kwa masahihisho miaka kumi na sita, hata wengine walipokwisha kuyaunda magari kwa jasho lao, ndipo mwaka 1895 akaipokea hataza na kuwataka wote wamlipe. Wengi walilipa, asilimia moja na robo ya bei ya kila gari, maana kulipa kulikuwa rahisi kuliko kushtakiana. Henry Ford alikataa. Kesi ilianza mwaka 1903, akashindwa mwaka 1909, akakata rufani, na Januari 1911 mahakama ikaamua kwamba magari yake hayakuingilia haki yoyote ya Selden, kwa sababu injini zake zilikuwa za namna nyingine kabisa; wakati huo hataza ile ilikuwa imebakiwa na uhai usiotimia miaka miwili. Yaani hati iliyokuwa na nguvu kwa jina tu ilikula ushuru wa watu kwa miaka mingi, na ikaanguka pale tu alipotokea tajiri mkaidi mwenye fedha za mawakili.

Marekani ilikuwa na jambo la ajabu zaidi, na hapa namwomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye fundo la habari yote. Sheria yao ya hataza, kama ilivyokuwa mpaka juzijuzi, ilisema kwamba kitu hakiwi kipya kikiwa kilikwisha kujulikana au kutumiwa na watu nchini Marekani, au kikiwa kilikwisha kuchapishwa mahali popote duniani. Maana yake ni kwamba mkulima wa Ohio akisimama akasema, “Mimi nilifanya hivi kabla,” alikuwa shahidi. Lakini mkulima wa Takaungu akisimama akasema maneno yayo hayo, hakuwa shahidi, isipokuwa awe amechapishwa. Kujua kwake hakukuwa kujua. Kwa hiyo, ilipojulikana huko kwamba ndani ya kokwa ya mwarobaini mna kitu kiitwacho azadiraktini, ambacho wataalamu wa Kiingereza walikitenga mwaka 1968, na ambacho nguvu zake mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alizishuhudia Sudan mwaka 1959 alipoona nzige wamekula kila kijani wakaiacha miarobaini imesimama na majani yake, maombi ya hataza yalifuatana. Grace walipewa nyingine Marekani mwaka 1992 kwa njia ya kuifanya azadiraktini isiharibike upesi ikiwekwa ghalani, na hiyo haikupata kufutwa. Tena nitakuwa mdhalimu nisiposema kwamba katika hilo walikuwa na la kusema: dawa ya nyanya ililazimika kutumika asubuhi ileile, maana ikikaa hupoteza nguvu, na mtu aliyeifanya ikae ameongeza kitu ambacho nyanya hakuwa nacho.

Watu wa Takaungu walikwisha kuonja kanuni ya namna hii kabla mwarobaini haujatajwa Munich. Mwaka 1908, baada ya ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa milki ya Sultani wa Unguja, kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza, serikali ilitoa Sheria ya Hati za Ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda ule ajitokeze, aandikishe dai lake na kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe kuwa ya Mfalme. Mazrui wa Takaungu, waliokuwa na makadhi na waandishi na uzoefu wa mambo ya dola, walijitokeza, na madai yao yakaishia katika amana ya ardhi ya Mazrui iliyowekewa sheria yake mwaka 1914, nayo sheria hiyo ikafutwa na Bunge mwaka 1989. Wagiriama, Wachonyi na Wakauma waliolima na kuzika wafu wao humohumo, na ambao hati yao ilikuwa ni mnazi uliopandwa na babu na kaya iliyojulikana na kila mtu, wengi wao hawakuandikisha chochote. Hawakujua kwamba yako masijala, au walijua wakaona ni upuuzi kumwomba mgeni awathibitishie walilokuwa wakilijua. Ugomvi uliotokana na jambo hilo haujesha hata leo, na si kazi yangu hapa kuuhukumu. Nimeutaja kwa kuwa umbo lake ni lilelile: afisa asiyeona karatasi huandika kwamba hapana mtu, kisha neno lake huwa karatasi, na karatasi ikisha kuwako, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yule aliyekuwako tangu mwanzo.

Turudi Munich. Hataza ya Ulaya ikisha kutolewa, mtu yeyote ana miezi tisa ya kuipinga. Na mwezi Juni 1995, siku zikiwa zimekaribia ukingoni, wanawake watatu waliweka pingamizi. Mmoja alikuwa Magda Aelvoet, Mbelgiji, mbunge wa kundi la Kijani katika Bunge la Ulaya; wa pili Vandana Shiva, mwanachuoni wa Kihindi na mwanaharakati wa mambo ya mbegu na mazingira; wa tatu Linda Bullard, wa shirikisho la kimataifa la vyama vya kilimo hai. Wakili wao alikuwa Fritz Dolder, profesa wa Uswisi. Hoja yao haikuwa ya huruma wala ya siasa, ingawa siasa haikukosekana mitaani. Ilikuwa hoja ya sheria, nayo ni kwamba jambo hili si jipya.

Hapa bahati iliwasimamia. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa sahihi mjini humo mwaka 1973, haukufuata kanuni ya Wamarekani. Ulisema kwamba kilichokwisha kujulikana ni kila kitu kilichofikishwa kwa umma kwa maandishi, au kwa maneno ya mdomo, au kwa kutumiwa, au kwa njia nyingine yoyote, wala haukuuliza ni katika nchi gani. Basi kwa sheria hiyo, ufagio wa nyanya ulikuwa dalili halali sawa na kitabu. Lakini kuwa dalili halali ni jambo moja, na kuthibitika ni jambo jingine. Mahakama yoyote, hata ya kadhi, haitosheki na kauli kwamba “tangu zamani watu hufanya hivi”. Hutaka fulani bin fulani aseme: niliona mimi, mahali fulani, siku fulani, kilichofanywa ni hiki, na waliokuwapo ni hawa. Wapinzani walikuwa na maelfu ya miaka ya desturi upande wao, na hakuna hata mwaka mmoja katika hiyo uliokuwa na tarehe.

Walipotafuta sana walimpata mtu mwenye tarehe. Jina lake Abhay Phadke, Mhindi aliyekuwa katika kazi ya kutengeneza bidhaa za mwarobaini kiwandani, naye alieleza kwa kiapo kwamba mwaka 1985 na 1986, miaka minne au mitano kabla ya ombi la Wamarekani la mwaka 1990, dawa ya mafuta ya mwarobaini ilijaribiwa hadharani katika mashamba ya jimbo la Maharashtra, mbele ya wakulima, bila ya yeyote kuapishwa kunyamaza. Akawako pia U. P. Singh, profesa wa maradhi ya mimea wa chuo kikuu cha Banaras, kueleza yajulikanayo juu ya mwarobaini na kuvu. Kikao kilifanywa tarehe 9 na 10 Mei 2000, na mwisho wa siku ya pili jopo likatangaza kwamba hataza nambari 436257 imefutwa.

Nimelifikiri sana jambo la huyu Phadke. Kilichouangusha waraka ule hakikuwa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi, wala vitabu vya Kisanskriti, wala hao wazee wa vijijini ambao majina yao yalitajwa katika kila hotuba. Kilikuwa ni mtu wa kiwanda, wa zama zetu, aliyekumbuka mwaka na wilaya. Lau asingalipatikana, au lau majaribio yale yangefanywa na mkulima asiyehesabu miaka, sina hakika hata kidogo kwamba hukumu ingekuwa ile. Watu wengi wameisimulia kesi hii kama ushindi wa elimu ya jadi juu ya tamaa ya kampuni, na mimi nilikuwa nikiisimulia hivyo. Lakini ukiisoma kwa makini utaona kwamba elimu ya jadi iliingia mahakamani kwa kushikwa mkono na mtu mwenye daftari.

Wamarekani walikata rufani. Miaka mingine mitano ikapita, na tarehe 8 Machi 2005, ambayo ni Siku ya Wanawake Duniani, baraza la rufani likaitupa rufani yao. Tangu pingamizi la kwanza mpaka hukumu ya mwisho ilikuwa karibu miaka kumi, kwa ajili ya hataza moja, ambayo hata ingeachwa ingekufa yenyewe mwaka 2010.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, nyingine fupi zaidi ilikwisha huko Marekani juu ya manjano, ile ile ambayo wanawake wetu huitia katika singo ya bibi harusi na kuibandika kwenye kidonda. Machi 1995 Chuo Kikuu cha Mississippi kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa sayansi la serikali ya India, likiijua vyema kanuni ya Wamarekani, halikuleta mabibi. Lilileta machapisho zaidi ya thelathini, mojawapo makala ya mwaka 1953 katika jarida la madaktari wa Kihindi, na mwaka 1997 madai yote yakakataliwa. Tangu hapo Wahindi wameingiwa na hima ya kuandika: wamejenga hazina kubwa ya maandishi ya dawa zao za kale, wakaifungua kwa wakaguzi wa hataza wa nchi za nje, ili asiwepo tena wa kusema hakuona.

Karibu zaidi na sisi ni habari ya Wahabeshi na tefu, nafaka ndogo kama mchanga waipikiayo injera. Mwaka 2007 kampuni ya Uholanzi ilipewa hataza ya Ulaya juu ya unga wa tefu na vyakula vitokanavyo nao, kwa hoja kwamba imegundua faida ya kuiacha nafaka ikomae baada ya kuvunwa kabla ya kusagwa. Jambo ambalo mwanamke yeyote wa Ethiopia aliyewahi kununua tefu sokoni angeweza kuwaeleza bila malipo. Kampuni ile ilifilisika, hataza ikahamia mikono mingine, na wenyewe Wahabeshi hawakuwahi kuifikisha mahakamani. Iliyoiangusha ni hukumu ya mahakama ya The Hague, Novemba 2018, nayo ilitokana na ugomvi wa wafanyabiashara wawili wa Uholanzi kwa Uholanzi: mmoja alimshtaki mwenziwe kwa kuingilia hataza, mwenziwe akajibu kwamba hataza yenyewe haifai, na hakimu akakubali. Ethiopia ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ilikuwa furaha ya mtu ambaye wezi wawili wamegombania mbuzi wake mpaka mbuzi akaponyoka.

Na Kenya? Kwa muda mrefu nchi hii haikuwa na mlango wake wa kupinga wala wa kukubali. Kwa sheria ya wakati wa ukoloni, iliyoendelea zaidi ya robo karne baada ya bendera kubadilishwa, Nairobi ilisajili tu hataza zilizokwisha kutolewa London, wala haikuwa na mkaguzi wa kuuliza swali lolote. Hati ikiwa dhaifu huko, ililetwa na udhaifu wake ikagongwa muhuri hapa. Sheria ya kwanza ya Kenya yenyewe ilitungwa mwaka 1989, na ile ya 2001 iliyoifuata inahesabu kuwa kimejulikana kila kitu kilichofichuliwa popote duniani, kwa maandishi au kwa mdomo au kwa matumizi. Katiba ya mwaka 2010 imeiagiza serikali ilinde elimu ya wenyeji, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo inazitaka serikali za kaunti ziweke madaftari ya maarifa hayo. Ni sheria nzuri. Huko Nairobi, katika kituo cha elimu ya wadudu kiitwacho ICIPE, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, mwarobaini umefanyiwa utafiti na ukaandikwa. Na mjini Kilifi, mwendo mfupi kutoka kwetu, wako wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambao tangu mwaka 1989 wameiandika homa ya malaria ya watoto wetu kuliko inavyoandikwa karibu mahali popote. Lakini nimewauliza wazee wa Takaungu, wanaume kwa wanawake, kama yuko mtu aliyewahi kuketi nao kuandika wanavyoitumia kokwa ya mwarobaini, siku gani huokotwa, hulowekwa kwa muda gani, na kwa maradhi gani ya mimea. Walinitazama kwa upole kama atazamwavyo mtoto, na bibi mmoja akaniuliza, “Mwanangu, kwani we huyajui?”

Nayajua, kwa kiasi. Baada ya swali lake niliketi nikaandika yale niliyomwona nyanya akiyafanya, na kwa kila jambo nikajaribu kuweka mwaka, nikagundua kwamba katika yote nina mwaka mmoja tu nilio na hakika nao, ule wa mafuriko makubwa ya El Niño, mwisho wa 1997, kwa kuwa mboga zote zilishikwa na kuvu na nilimbebea ndoo. Ombi la Wamarekani ni la 1990. Kwa hiyo, lau ningeitwa Munich, ushahidi wangu usingefaa kitu.

Ile kanuni ya Marekani, iliyomhesabu mkulima wa ng'ambo kuwa si shahidi mpaka achapishwe, iliondolewa kwa sheria waliyoipitisha mwaka 2011, ikaanza kutumika tarehe 16 Machi 2013. Ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo Wakenya wote masikio yao yalikuwa Nairobi, ambako kesi ya uchaguzi wa rais ilikuwa ikifunguliwa mbele ya Mahakama ya Juu, na hapana aliyeniambia, wala mimi sikumwambia mtu. Hataza zilizoombwa kabla ya siku hiyo zingali zikipimwa kwa kanuni ya zamani.